Tathmini: SIGN(A, B) ya Fortran

Wanaotoka lugha nyingine za programu hukiita kitendakazi SIGN cha lugha ya Fortran wakitarajia -1, 0 au 1. Sivyo ilivyo. SIGN ya Fortran inadai agumenti (thamani unazoipa) mbili: huchukua ukubwa wa A na kuupa alama ya B. SIGN(-7, 3) ni 7. SIGN(7, -3) ni -7. Ukizipindua, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) itanyamaza tu, kwa hiyo kariri: ukubwa kwanza, alama baadaye.

Uzuri wake huonekana B ikiwa 0: jibu ni A chanya, si 0. Ndiyo maana inafaa mno kwa milinganyo ya kipeuo cha pili:

q = -0.5*(b + sign(sqrt(b*b - 4*a*c), b))
x1 = q/a
x2 = c/q

Weka a = 1, b = 10000, c = 1 katika namba halisi za biti 32. Kanuni ya darasani itakupa 0 kwa jibu moja, kwani b*b - 4 hukadiriwa kuwa 100000000 na kutoa kunafuta kilichobaki. Njia hii inatoa -0.0001, sahihi kwa tarakimu zote ambazo biti hizo zinaweza kubeba. Hata b ikiwa 0, q haiwi sifuri ila c nayo iwe 0; kwa kitendakazi cha -1, 0, 1 ungegawanya kwa sifuri.

A na B lazima ziwe aina moja. SIGN(1, x) hukataliwa x ikiwa namba halisi, andika SIGN(1.0, x). ISIGN (ya namba kamili) na DSIGN (ya usahihi maradufu) za misimbo ya kale ziache zipumzike: SIGN imetosha kwa zote tangu FORTRAN 77, na tangu Fortran 90 inapokea safu nzima ya namba kwa mkupuo.

Kero kubwa ni sifuri hasi, yaani -0.0, sifuri iliyohifadhiwa na alama ya kutoa. Katika Fortran 90, SIGN(1.0, -0.0) ni 1.0. Fortran 95 ikaifanya -1.0 pale mashine inapotofautisha sifuri hizo mbili. gfortran, kompaila ya GNU, hufuata sheria mpya, na chaguo la -fno-sign-zero huirudisha ya zamani. Kwa kompaila ya Intel angalia -assume minus0. Msimbo uleule, majibu mawili! Kama hutaki -0.0 ikuamulie, andika merge(abs(a), -abs(a), b >= 0.0), ambayo huchagua ya kwanza sharti likiwa kweli na ya pili lisipokuwa, kwa sababu ulinganisho huo huzihesabu sifuri zote mbili kuwa sawa.