Programu ya visawe niliyoipima kwa neno "cheza"

Nikipakua programu ya visawe sihangaiki kusoma maelezo yake. Naandika "cheza", nasubiri nione. Nilikuwa mnenguaji wa bendi ya dansi mpaka magoti yalipogoma. Siku hizi naandika hadithi za kusomwa kwenye simu, na wahusika wangu hawajui kutulia: wakioana wanacheza, wakipata kazi wanacheza, wakiachika wanacheza zaidi. Ukirudia "alicheza" kila aya, msomaji anachoka kabla yao. Ndiyo maana nahitaji kitu cha kunikumbusha maneno. Hii ninayoizungumzia sitaitaja jina, maana kasoro zake nimezikuta pia kwa nyingine za aina yake.

Nianze na sifa, kwa sababu zipo. Ukiandika "walichezeshwa", inajua kwamba shina ni cheza na inakupeleka hukohuko. Hilo si dogo. Programu nyingi zinakutaka ukivue kitenzi viambishi vyake mwenyewe kwanza, la sivyo zinakujibu kwamba neno halipo. Pia imetenganisha maana vizuri. Cheza ya mpira iko kivyake, ya kamari kivyake, ya jino lililolegea kivyake, na ya askari wanaocheza kwata wameikumbuka, jambo lililonifurahisha, kwa kuwa beni, ile ngoma ya pwani, ilizaliwa kwa kuiga bendi za kijeshi na gwaride lao. Inafanya kazi bila intaneti. Matangazo yapo, nayavumilia.

Shida inaanza kwenye cheza ya ngoma na muziki. Hapo wameandika: dansi, nengua, randa, rukaruka, sakata, serebuka, tikisika. Kwa mpangilio wa alfabeti, mkato katikati, basi. Hakuna mfano wa sentensi, hakuna alama ya kuonyesha neno lipi ni la mtaani na lipi la zamani. Mtu anayejifunza lugha akiiamini orodha hiyo ataandika "bibi harusi alinengua mbele ya wakwe zake", kisha ashangae wasomaji wanacheka nini. Kunengua ni kazi ya kiuno. Nimeifanya jukwaani kwa mshahara na ninaiheshimu, lakini mbele ya mama mkwe hakunenguliwi. Bibi harusi anacheza, tena kwa kujibana, macho chini. Wanaonengua ni mashoga zake, baada ya wakwe kuondoka.

Sakata nalo lina masharti yake ambayo programu haiyasemi. Halipendi kukaa peke yake. Watu wanasakata rumba, wanalisakata dansi mpaka alfajiri, na wachezaji wa mpira wanasakata kabumbu. Andika "Rehema alisakata" ukaishia hapo, msomaji atakuuliza: alisakata nini? Serebuka ni kinyume chake, linasimama lenyewe bila kuhitaji kitu mbele yake, ila linataka furaha na aghalabu linataka watu wengi. Nikisikia ukumbi mzima uliserebuka, naona mikono juu na viatu pembeni. Mhusika wangu aliyeachwa na mume, anayecheza peke yake jikoni taa ikiwa imezimwa, siwezi kumpa neno hilo. Hata tikisika ningemnyima.

Kuhusu randa sijui walikuwa wanamfikiria nani. Ni neno zuri, lina maringo na furaha ndani yake, na kwenye ushairi linakaa vizuri. Lakini mpe kijana wa leo sentensi "aliranda usiku kucha" na atadhani ni fundi seremala mwenye oda ya haraka, au mzururaji. Alama moja tu ya "neno la zamani" ingetosha.

Halafu kuna yaliyokosekana. Kukata viuno hakuna, wala kukatika, ambalo vijana wa Nairobi hawawezi kumaliza wikendi bila kulitamka. Kuyarudi ndilo lililoniuma zaidi. Tafuta "rudi" na utapewa rejea, geuka, karipia. Lakini mtu anayeyarudi magoma hajarejea popote, yuko katikati ya uwanja anatoka jasho. Naelewa jinsi lilivyowaponyoka: linaishi na ile "ya" ya magoma ndani yake, na programu iliyojengwa kuvua viambishi imeivua na maana ikaondoka nayo. Kile nilichokisifu juu ndicho kinachoiangusha hapa.

Chezwa wameifanya kauli ya kutendwa tu: mechi ilichezwa jana. Pwani ukisema binti amechezwa, hujazungumzia mechi. Amefundwa, amepitishwa unyagoni, na wanawake wazima wameshamwambia ya kumwambia. Mwandishi asiyejua hilo anaweza kuandika sentensi ya kawaida kabisa kuhusu msichana na kikundi cha ngoma, na bibi fulani huko Tanga akainua nyusi. Methali ya mcheza kwao hutunzwa nayo wameiweka chini ya cheza ya mpira! Mcheza huyo ni wa ngoma, na kutunzwa kwenyewe ni kule kupewa hela uwanjani na wanaomtazama.

Kuna jambo ambalo hakuna orodha itakayonisaidia, na sitaki kuilaumu programu kwa hilo peke yake. Cheza ndilo linalobeba jina la ngoma yoyote bila kulalamika. Enzi za mitindo ya bendi, watu walicheza Sikinde ya Mlimani Park, wakacheza Pambamoto ya Vijana Jazz, wakacheza Kamanyola ya Maquis. Wanawake wanacheza chakacha, wanaume wanacheza kirumbizi na fimbo mkononi. Nenda ukaandike "walinengua kirumbizi" uone utakavyochekwa Lamu. Kwa hiyo nikiona "alicheza" zimerundikana katika rasimu, mara nyingi dawa ni kuiacha cheza mahali pake na kutaja ngoma yenyewe, au kutaja kiungo kilichofanya kazi: bega lilipanda, kisigino kiligonga, shingo ikaenda na besi. Visawe navitumia pale tu ninapotaka msomaji amjue anayecheza ni mtu wa aina gani.

Kama wewe ni mzaliwa wa lugha na unatafuta neno lililokukwama ulimini, pakua, itakufaa. Mimi mwenyewe sijaifuta. Anayejifunza Kiswahili asiitumie bila mtu wa kumuuliza pembeni, na walimu wasiwape wanafunzi kazi ya kubadilisha maneno kwa kuitegemea, maana insha zitajaa maaskofu wanaonengua.

Nimewapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza wakiweka mfano wa sentensi kwa kila kisawe, hata mmoja. Ya tano ni ya kuyarudi.