Visafishio vya viti vya ngozi vilivyoota kuvu: angalia kinachobaki kikishakauka

Malalamiko ya wasomaji kuhusu viti vya ngozi vya gari yanafanana sana: mtu amekuta madoa ya kijivu kwenye kiti cha nyuma, akanunua chupa iliyosifiwa na kila muuzaji, akafuta, kiti kikapendeza, na baada ya wiki chache kuvu ikarudi palepale, safari hii imeenea hadi kwenye mishono. Wengi huamini kwamba dawa ilikuwa hafifu. Mara nyingi tatizo limo katika kile ambacho dawa yenyewe iliacha juu ya ngozi ilipokauka, na hicho ndicho kigezo kikuu nilichotumia kupanga bidhaa hizi. Harufu, mng'ao wa siku ya kwanza na ukubwa wa chupa sikuvihesabu kabisa.

Ngozi nyingi za viti vya gari hutiwa rangi kisha hufunikwa kwa tabaka jembamba la poliurethani, aina ya plastiki. Mafuta, nta au silikoni inayopakwa juu ya tabaka hilo haipenyi ndani kama lebo zinavyodai. Sehemu kubwa hubaki juu, hunasa vumbi, jasho na chembe za ngozi za abiria, na kuvu hupata chakula cha kutosha pindi unyevu wa hewa ndani ya gari unapozidi asilimia 60 au 70. Kwenye viti vyenye vitundu vidogo hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa losheni huingia kwenye vitundu hivyo, ikafika kwenye sponji iliyo chini ambako kitambaa hakiwezi kuifuata. Ndiyo maana sipendekezi bidhaa yoyote inayoahidi kusafisha na kulainisha kwa pamoja, hata iwe na jina kubwa kiasi gani. Unasafisha uchafu na papo hapo unapaka tabaka jipya la mafuta juu ya mbegu za kuvu zilizosalia.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta chupa ndogo kabla ya kununua kubwa, dondosha matone machache juu ya kioo safi, yaache yakauke usiku kucha, kisha kitazame kioo dhidi ya mwanga. Kisafishio chochote kitaacha alama kidogo. Alama kavu inayotoka kwa kitambaa chenye maji haina madhara. Utando unaonata kidoleni unatosha kukufanya uirudishe chupa dukani.

Hakikisha pia kwamba unachokiona ni kuvu kweli. Mafuta yaliyotiwa kiwandani wakati wa kutengeneza ngozi huweza kupanda juu na kuacha weupe unaofanana nayo sana. Upulizie hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele: mafuta huyeyuka na kutoweka, kuvu hubaki. Chumvi ya jasho nayo hutoka kwa maji, ingawa huweza kujitokeza tena ngozi ikikauka.

Nafasi ya kwanza naipa Colourlock ya Ujerumani, na sifichi kwamba naipendelea. Kisafishio chake cha aina ya upole kina asili ya maji, na dawa za kuilinda ngozi zinauzwa katika chupa nyingine, hivyo unaamua mwenyewe lini upake kitu na lini uache. Hutumika kama povu: unapaka kwa sponji au brashi laini, unasugua taratibu kufuata mishono, kisha unafuta kwa kitambaa chenye maji kabla povu halijakauka. Kipo pia cha aina kali, ila hicho kiwe cha uchafu sugu tu.

Lexol ya Marekani inafuata. Ni kisafishio kizuri kisicho kikali kwa ngozi, lakini kinataka kufutwa kwa maji mara mbili, hasa mishononi, na ununue chupa ya kisafishio peke yake, si ile ya kazi zote.

Ya tatu ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Hii husaidia kupunguza kuvu, jambo ambalo visafishio viwili vya juu havikuahidi, na hugeuka mvuke bila kuacha utando. Haitoshi kuondoa uchafu wa mafuta, na ikizidishwa hukausha ngozi na kung'oa rangi, kwa hiyo ijaribu kwanza chini ya kiti. Kama tone la maji linazama na kuacha doa jeusi, ngozi hiyo haina tabaka la kuilinda. Usiiguse kwa alkoholi. Mimi hutumia alkoholi kwanza, nikiwa nimevaa barakoa na milango ikiwa wazi, kisha povu.

Siki, sabuni ya vyombo na vitambaa vya kufutia watoto ni nafuu, na sina la kuvisifia. Klorini isikaribie ngozi.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Ngozi hutengenezwa ikiwa na asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi) ya kati ya 3.5 na 5 hivi, na visafishio vikali vya matumizi yote huvuka pH ya 10, lakini chupa kwa chupa hazitaji namba hiyo. Badala yake unasoma kwamba dawa inafaa kwa ngozi, plastiki, mpira na vitambaa, kana kwamba vitu hivyo ni kimoja. Wengine humimina dawa kutoka madumu makubwa, wakabandika picha ya kiti kinachong'aa, na bei ikapanda kwa sababu ya picha. Mnunuzi anastahili kujua anachopaka mahali ambapo mwanawe ataegemeza kichwa. Mwombe muuzaji karatasi ya taarifa za usalama ya bidhaa. Sehemu ya 9 ndiyo yenye sifa za kikemikali, pH ikiwemo. Akikosa kukupa, na mtengenezaji naye hakuichapisha, nunua kwa mwingine.