Uzoefu wangu na dainamo ya habu: taa isiyosubiri chaji

Nianze na hukumu kwa mwenye haraka. Kama baiskeli ndiyo inayokupeleka kazini na giza hukukuta njiani mara kwa mara, dainamo ya habu, yaani kifaa cha kuzalisha umeme wa taa kilichomo katikati ya gurudumu la mbele, ningekushauri uifunge kabla hujafikiria siti mpya, gia mpya au fremu nyepesi. Kama wewe ni wa kuzunguka na wenzako Jumamosi asubuhi jua likiwa limeshachomoza, hela yako itakufaa zaidi kwenye tairi.

Kwa mwenye muda, tuendelee.

Wengi wakisikia dainamo wanakumbuka kile kichupa kilichokuwa kinaegemezwa kwenye tairi. Kilikuwa kinalia, mvua ikinyesha kinateleza, ukuta wa tairi kinaula, na ukishuka mlima kwa kasi balbu inaungua. Hii ninayoizungumzia ni mdudu mwingine kabisa. Imo ndani ya habu ya gurudumu la mbele. Sumaku zimepangwa kwenye gamba linalozunguka na gurudumu, na koili ya waya wa shaba imetulia kwenye ekseli. Hakuna sehemu zinazosuguana isipokuwa gololi, kama kwenye habu yoyote. Umeme wake ni volti 6, wati 3, na hufikia kiwango hicho ukiwa kwenye kilomita 15 kwa saa hivi.

Wazo lenyewe ni la kale. Sturmey-Archer wa Nottingham, Uingereza, walianza kuuza Dynohub yao mwaka 1936. Kilichobadilisha mambo ni taa za LED, zinazotoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Zamani zile wati 3 ziligawanywa: 2.4 kwa balbu ya mbele, 0.6 kwa ya nyuma, na ulichopata ni mwanga wa njano wa kuonesha kwamba upo, basi. Leo wati zilezile zinakumulikia shimo mapema vya kutosha kulikwepa bila papara.

Sasa tuje kwenye ubishi. Katika kila kikundi cha waendesha baiskeli yupo mtu atakayekwambia, "Hiyo inakula miguu." Na akitaka kukuthibitishia, atanyanyua usukani wako na kulizungusha gurudumu kwa mkono. Kweli, linakwamakwama, kama lina meno ndani, na baada ya mizunguko michache linasimama. Onyesho hilo limewakatisha tamaa wanunuzi wengi, lakini halisemi unachokipata barabarani. Sumaku inapoukaribia msingi wa chuma wa koili huvutwa mbele, ikiupita huvutwa nyuma. Inachokunyang'anya hapa inakurudishia pale, na gurudumu lililobeba uzito wako halihisi chochote. Mzigo halisi ni ule wa kuzalisha umeme tu.

Mzigo huo tunaweza kuupigia hesabu. Mtu wa kawaida anayekwenda kwa utulivu kwenye tambarare hutoa wati 75 mpaka 100. Dainamo nzuri, taa zikiwaka, huchukua wati 5 mpaka 7. Taa zikizimwa, moja au mbili. Ukipoteza wati 6 katika 100 kasi haipungui kwa asilimia 6, kwa sababu upinzani wa hewa nao hupungua haraka mara tu unapokwenda polepole kidogo. Unachopoteza ni asilimia 2 au 3. Kwa anayekwenda kilomita 20 kwa saa hiyo ni nusu kilomita kwa saa. Tairi ambazo hazijajazwa upepo wiki kadhaa hukupokonya zaidi ya hapo, na wanaoinung'unikia dainamo mara nyingi ndio haohao ambao tairi zao ukizibonyeza zinaitikia kidole gumba. Uzito? Habu huongeza takriban gramu 300 hadi 500 juu ya habu ya kawaida. Kwenye baiskeli ya kazini yenye keria, madigadi, kufuli na begi, utautafuta hutauona. Kwenye baiskeli ya mashindano naelewa kabisa mtu akikataa.

Mimi binafsi mwanga haukuwa sababu ya kununua. Taa nzuri ya betri inaweza kuwa kali kuliko yangu, na kwa muda ninaokaa njiani chaji yake ingetosha. Shida ya taa ya betri ni kwamba lazima uikumbuke. Uchaji, uifunge, uifungue ukiegesha isije ikapata mwenyewe mwingine, uibebe mfukoni, kisha bosi akucheleweshe jioni na ugundue chaja ipo nyumbani. Taa ya dainamo imefungwa kwa boliti, inabaki na baiskeli, inawaka gurudumu likizunguka. Mimi ya kwangu naiacha inawaka hata mchana. Tangu niifunge, swali la "nitarudi saa ngapi" halihusiani tena na usafiri, na jioni nyingi ambazo ningeiacha baiskeli nyumbani nimeiendesha.

Namna mwanga unavyotoka nayo inastahili sifa. Taa nyingi za dainamo hutengenezwa kwa kufuata kanuni za Ujerumani, ambako hadi mwaka 2013 sheria ilitaka karibu kila baiskeli ya barabarani iwe na dainamo. Kanuni hizo zinataka mwanga ukatwe juu, mithili ya taa za gari zikiwa kwenye mwanga wa chini (dim), ili anayekuja mbele asipofuke. Wati 3 huna za kupoteza kumulika matawi ya miti, zote zinaelekezwa barabarani. Anayekuja na tochi kali iliyofungwa kwenye usukani ana mwanga mwingi kuliko mimi, lakini nusu yake anaumwaga machoni mwa watu.

Kwenye safari za kikundi za jioni faida hii huonekana zaidi. Ukikaa nyuma ya mtu kwa saa nzima huku taa yake ya nyuma inapepesa kama iko disko, macho yanachoka na huwezi kukadiria umbali kati yenu. Taa ya nyuma ya dainamo huwaka moja kwa moja, na anayenifuata anajua niko umbali gani. (Wenye taa za kupepesa, mkiwa ndani ya msafara tafadhali ziwekeni kwenye hali ya kutulia. Kipepesi kibaki kwa wa mwisho, kama ni lazima.) Ukisimama makutanoni taa hazizimiki papo hapo. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi umeme wa kuendelea kuwaka kwa dakika kadhaa, hafifu lakini inaonekana.

Lawama ninazo. Mlima mkali, unapokwenda kasi ya mtu anayetembea, taa ya mbele huanza kucheza na mwanga wake kushuka. Si hatari, maana kwa kasi hiyo una muda wa kuona, ila inakera. Ukiwa unasukuma baiskeli gizani ni vivyo hivyo.

Kubwa zaidi ni waya. Habu yenyewe haijanisumbua hata siku moja, ila waya wa taa ya nyuma, uliopita chini ya fremu na kando ya madigadi, ulikatika pale unapopinda. Kibaya ni kwamba taa ya nyuma huioni ukiwa umepanda. Nilikuwa naendelea na safari zangu nikijua nimewaka mbele na nyuma, mpaka mwenzangu wa kikundi akaniuliza kwa nini leo niko giza. Seti niliyonunua ilikuja na waya mwembamba na viunganishi visivyofungwa vizuri, kitu ambacho kwa bei ile hakikustahili. Fundi aliubadilisha kwa waya wa nyuzi mbili, mzito kidogo, akaacha ulegevu kwenye foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ili usukani ugeuke bila kuuvuta. Hakutaka kusikia habari ya kutumia fremu kama njia ya kurudisha umeme: rangi na kutu hukata mawasiliano, kisha mnatafuta kosa siku nzima. Namuunga mkono. Na kwenye begi sasa nina kitaa kidogo cha betri cha akiba.

Kuchaji simu, usinunue kwa ajili hiyo. Vifaa vipo vinavyotoa volti 5 kutoka kwenye dainamo, lakini wati 3 ni wati 3. Ukikaa kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa bila kusimamasimama, simu inayoonesha ramani itazuiwa isishuke chaji. Kwa safari za mjini za kusimama kila makutano utapata asilimia chache tu, na taa zikiwa zimewashwa hupati hata hizo. Wa safari ndefu za siku nyingi wana hesabu tofauti.

Pancha ya gurudumu la mbele ina hatua moja ya ziada: chomoa kiunganishi kabla hujatoa gurudumu, vinginevyo utang'oa waya.

Kama umeamua kununua, ujue kwamba gurudumu la mbele litasukwa upya. Hesabu matundu ya rimu yako kwanza, 32 au 36, habu iwe na idadi hiyohiyo. Habu ya dainamo ni nene, kwa hiyo spoku za zamani mara nyingi huwa ndefu mno, na fundi apime upya asikisie. Mweleze muuzaji unatumia breki za rimu au za diski, na foki yako inachukua ekseli ya aina gani. Wenye magurudumu madogo ya inchi 20 waulizie habu ya saizi hiyo, kwa kuwa gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kasi ileile. Spoku zikazwe tena baada ya wiki za mwanzo. Na umwambie fundi mapema kwamba habu hii asiifungue kutia grisi kama alivyozoea: waya wa koili hupita ndani ya ekseli, na habu nyingi zilizokufa zilikatwa waya kwa spana kabla gololi hazijachakaa.