Jozani au Ngezi: twende wapi kutazama ndege?

Kundi la watu watano au sita lenye siku moja tu liende msitu wa Jozani, Unguja. Gari hufika bila taabu, na kima punju hula majani karibu kabisa na njia, hadi unaziona nywele nyeupe za paji la uso wake.

Kwa ndege hasa, mimi nachagua msitu wa Ngezi, kaskazini mwa Pemba. Kisiwa hicho kina aina nne za ndege zisizopatikana kwingine duniani, akiwemo bundi mdogo anayeanza kuita giza likiingia. Kundi kubwa lenye kelele litamkosa. Halafu kuna popo wa Pemba: mchana utawakuta Kidike, hifadhi yao kisiwani humo, wakining'inia mitini, wakijipepea kwa mabawa. Ila lazima ulale Pemba.