Kauboi, mizimu na meza moja: cha kununua kwanza ukiwa Kampala

Kampeni ya kauboi na mizimu, yaani mfululizo wa mapambano ya visanamu mezani, inayochezwa na mtu mmoja inahitaji vitu vinne: kanuni zinazowaendesha maadui bila mpinzani, dadu, meza ya sentimita 90 kwa 90, na visanamu vya milimita 28. Visanamu ndivyo vinavyokula pesa, na kwa mnunuzi wa Uganda kinachouma zaidi mara nyingi ni usafiri na kodi. Mpangilio huu umezingatia hilo.

Kabla ya kulipia chochote, hesabu maadui. Mashujaa wawili hadi wanne wanatosha kampeni nzima, lakini maadui unahitaji 15 hadi 20 wa aina tatu, pamoja na jitu moja la mwisho. Wengi hufanya kinyume: wapiga bastola kumi, mazombi wanne, na kufikia pambano la tatu vifuniko vya soda vimeshakuwa mazombi.

Nambari moja: kanuni za PDF na visanamu vya karatasi. Hakuna mzigo wala ushuru, na unaweza kuanza kucheza wiki hiyohiyo. Kwenye kanuni tafuta jedwali la dadu linalosema adui afanye nini, na kurasa za majeraha na uzoefu kati ya pambano moja na jingine. Bila hilo jedwali utakuwa unajipiga chenga mwenyewe.

Chapisha kwa leza kwenye manila ya gramu 200 hadi 250. Nasser Road, mtaa wa wachapaji, hilo ni jambo la kila siku. Mwambie mchapaji achape kwa asilimia 100 ya ukubwa, asikubali mashine "itoshelezee ukurasa". Faili nyingi za Marekani zimepimwa kwa karatasi yao ya milimita 216 kwa 279, na zikibanwa kuingia kwenye A4 visanamu vinapungua na haviendani tena na vitako vya kuvisimamishia. Kisanamu cha upana wa milimita 25 na urefu wa 90 kabla ya kukunjwa kinakupa vipande zaidi ya 20 kwa A4 moja. Kwenye mstari wa kukunja pitisha rula na kalamu iliyoishiwa wino, ndipo ukunje. Ukikunja bila hivyo manila inapasuka na rangi inabanduka. Gundi iwe ya kijiti, kwa kuwa ile nyeupe ya maji huipinda karatasi. Kata mwishoni, kisha pitisha maka pen nyeusi kwenye kingo zote. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoondoa sura ya kazi ya shule. Chini bandika washa ya M12 kutoka duka la vifaa vya ujenzi, yenye kipenyo cha milimita 24, la sivyo feni itakuchezea zamu yako.

Nambari mbili: fremu za plastiki, yaani visanamu vilivyo vipande vya kukata na kuunganisha. Ni nyepesi, na fremu mbili tatu zinaingia kwenye begi la ndugu anayerudi kupitia Entebbe. Gundi ya plastiki huyeyusha kingo na kuzishika pamoja, lakini haishiki rezini (plastiki ya majimaji iliyogandishwa) wala chuma. Huko tumia super glue. Usiagize rangi za kopo la kupuliza kutoka nje, kwa sababu kwenye ndege zinahesabiwa mizigo hatari. Kopo la rangi ya msingi linapatikana kwenye maduka ya rangi mjini. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usipulizie asubuhi yenye unyevu: rangi hufanya ukungu mweupe juu ya kisanamu.

Nambari tatu: rezini iliyochapwa hapahapa na mwenye mashine ya 3D. Sura zinatoka vizuri kwa tabaka za milimita 0.05. Faili ya milimita 32 ipunguze hadi asilimia 87.5 ili ilingane na 28, na upunguze zote kwa kipimo hichohicho. Mwulize mapema umeme ukikatika nani analipia kazi iliyoharibika. Kisanamu kinachonata mkononi hakijaoshwa au hakijaiva: usikishike bila glavu, kirudishe.

Nambari nne ni sanduku kubwa kamili. Linalojulikana sana ni Shadows of Brimstone la Flying Frog Productions. Masanduku yake mawili ya mwanzo, City of the Ancients na Swamps of Death, yalitoka mwaka 2014, kila moja la mchezaji mmoja hadi wanne. Kama mchezo, lingeshika namba moja: vipande vya ramani vina pande mbili, na kila zamu mwenye taa hurusha dadu mbili kuzuia giza lisisonge mbele. Linaangushwa na mzigo. Kampuni za kusafirisha hupima ukubwa: sanduku la sentimita 30 kwa 30 kwa 15, vipimo vikizidishwa kisha kugawanywa kwa 5,000, hulipiwa kama kilo 2.7 hata likiwa na kilo mbili. Halafu VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya bei, usafiri na ushuru kwa pamoja. Isitoshe, visanamu vinakuja kwenye fremu. Tenga jioni kadhaa, koleo ya kukatia waya na kisu kikali. Mtu akikuletea kwenye begi, lihamishe hadi nambari mbili. Cheza na mashujaa wawili: shujaa aliye peke yake akianguka, hakuna wa kumwinua.

Chuma ni cha mwisho. Ni kizito na rangi hubanduka kikianguka sakafuni. Nunua kimoja tu, cha shujaa unayempenda.

Jitu la mwisho usiliagize. Buibui wa plastiki wa maduka ya vitu vya watoto Kikuubo, mbele ya kauboi wa milimita 28, anatisha vya kutosha. Muoshe kwa sabuni, kisha mpake kwa brashi rangi ya akriliki. Ile ya kupuliza, kwenye plastiki laini, inaweza kubaki ikinata kwa wiki nzima.