Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa: Tathmini ya Huduma ya Kuanza Maisha Upya kwa Jina Jingine

Duniani zipo njia chache za halali za mtu kuyaacha maisha yake ya zamani na kuanza upya kwa jina jingine. Mashahidi wanaolindwa na serikali hupewa majina mapya, lakini huduma hiyo haibishiwi hodi. Mtu huingizwa humo kwa sababu ya aliyoyaona au aliyoyasikia. Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa, yaani kikosi cha jeshi la Ufaransa kinachoandikisha askari kutoka nchi nyingine, ni tofauti, kwa kuwa tangu Mfalme Louis-Philippe alipoianzisha mwezi Machi 1831 imekuwa ikiwapokea watu wanaojileta wenyewe, na kwa sehemu kubwa ya historia yake haikumsumbua mgeni athibitishe yeye ni nani hasa. Ninaishi karibu na Marseille, na mara kwa mara hupata ujumbe kutoka kwa kijana wa nyumbani, aghalabu mpwa wa jirani au mdogo wake rafiki, akiuliza kama habari za jina jipya ni za kweli na kama safari hiyo ina faida. Nimeona heri niandike tathmini moja, niitazame Lejioni kama ambavyo ningeitazama huduma nyingine yoyote: inatoa nini, inadai nini, na ni mteja wa namna gani atakayeondoka ameridhika. Mimi si askari wala sijawahi kuwa. Ninayoyaandika nimeyapata kwa kusoma masharti yao, kwa kutembelea makumbusho yao mjini Aubagne na makao ya askari wazee huko Puyloubier, na kwa kuzungumza na watu waliomaliza mikataba yao.

Nianze na mlango. Waombaji hupokelewa katika vituo viwili vikuu, yaani Aubagne, mji ulio jirani na Marseille, na Fort de Nogent, kando ya Paris. Wanaopokelewa ni wanaume pekee, wenye umri kuanzia miaka 17 na nusu hadi 39 na nusu, wenye pasipoti hai na afya njema. Kuomba hakulipiwi hata senti, lakini nauli ya kufika Ufaransa na viza ni juu ya mwombaji mwenyewe. Ubalozi hauandikishi mtu, wala hautoi viza kwa ajili hiyo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wapo watu wanaojiita mawakala, wanaowatoza vijana wetu fedha nyingi kwa ahadi ya kuwaunganisha. Lejioni haina wakala. Anayekudai ada ya usajili anakuibia, hata akikuonyesha picha yake akiwa amevaa kofia nyeupe ya askari wa Lejioni.

Sasa jina lenyewe, ambalo ndilo sababu ya wengi kuuliza. Hadi mwaka 2010 kila aliyeingia aliandikishwa kwa jina la jeshini, atake asitake. Tangu Septemba ya mwaka huo mwombaji anaweza kuandikishwa kwa jina lake la kweli au kwa jina hilo jipya. Kwa desturi herufi za mwanzo hubaki, hivyo Salim huweza kutoka ofisini akiwa Simon, na pamoja na jina huja tarehe nyingine ya kuzaliwa, mahali pengine pa kuzaliwa, na hata baba na mama wenye majina ambayo hajawahi kuyasikia. Huchagui mwenyewe, hupewa, kama unavyopewa sare. Ndugu wakiandika kukutafuta, jeshi halitoi habari zako bila ridhaa yako.

Hapa ndipo wengi hukosea kuielewa huduma hii. Kabla ya kuvikwa jina jipya ni lazima ulivue la zamani mbele ya maofisa wa usalama, ambao huuliza maswali kwa saa nyingi, kisha wakarudia maswali yale yale kwa mpangilio mwingine ili kuona kama majibu yatabadilika. Waombaji wenyewe waliipachika ofisi hiyo jina la utani la Gestapo, yaani polisi wa siri wa Wanazi. Huulizwa kuhusu wazazi, madeni, mke, watoto, kazi ulizoacha, kesi ulizokuwa nazo, na sababu iliyokuleta. Taarifa za kipolisi za kimataifa hupekuliwa. Aliyeua, aliyefanya biashara ya dawa za kulevya au aliyedhulumu kijinsia hurudishwa mlangoni. Aliyewahi kugombana baa na kulala rumande usiku mmoja huenda akasamehewa, mradi aseme mwenyewe kabla hajaumbuliwa. Kwa hiyo mtu anayedhani atatoweka bila yeyote kujua alikotoka amepotea njia, kwani ofisi moja itamjua pengine kuliko mama yake anavyomjua. Kinachouzwa hapa ni ukimya wa ofisi hiyo.

Tena jina hilo ni la kuazima. Kila anayeingia huhesabiwa kuwa kapera, hata kama ameacha mke na watoto watatu Morogoro, na muda wote anaotumia jina la jeshini hawezi kufunga ndoa wala kununua nyumba kwa jina hilo, kwa kuwa mtu huyo hayupo katika daftari la raia la nchi yoyote. Ili apate haki hizo hupitia utaratibu wa kurejeshewa jina lake la kweli, ambao kwa kawaida huwezekana baada ya takriban mwaka mmoja wa utumishi, na utaratibu huo hudai nyaraka za kwao, kikiwemo cheti cha kuzaliwa. Mpemba aliyevuka bahari ili asiitwe tena jina la babu yake atajikuta akimpigia simu ndugu aliyemkimbia, amfuatilie cheti. Mmoja wa niliozungumza nao, mtu wa pwani aliyemaliza mkataba zamani, aliniambia kuwa ilimuwia rahisi zaidi kumaliza mazoezi kuliko kupiga simu hiyo.

Mazoezi hayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha huduma, na jina ni kibandiko tu. Hufanyika Castelnaudary, mji wa kusini mwa Ufaransa, kwa muda wa miezi 4, na wiki 4 za kwanza hupitishwa katika shamba lililotengwa, mbali na mji, ambako wanafunzi kutoka mataifa mengi hulazwa chumba kimoja bila lugha ya pamoja. Kifaransa hufundishwa kwa nyimbo, kwa amri na kwa kurudia. Mzungumzaji wa Kifaransa huwekwa karibu na wasiokijua ili wajifunze kwake. Wakimaliza shamba hufanya matembezi marefu, na mwisho wake ndipo huruhusiwa kwa mara ya kwanza kuvaa kofia nyeupe. Hata mwendo wao hubadilishwa: askari wa Lejioni hutembea gwarideni kwa hatua 88 kwa dakika, ilhali vikosi vingine vya Ufaransa hukaribia 120, ndiyo maana kila tarehe 14 Julai, sikukuu ya taifa, jijini Paris hupita peke yao nyuma ya vikosi vingine vinavyotembea kwa miguu.

Niliombwa na mmoja wao nishike shati lake la zamani la sherehe. Mikunjo ya pasi iliyokuwa mgongoni na kwenye mikono ilikuwa imenyooka kama iliyochorwa, na akanieleza kuwa umbali kati ya mkunjo na mkunjo hupimwa kwa rula, na kwamba alipokuwa kuruta alikuwa akiamka usiku kupiga pasi kwa maji ya chumvi ya macho yake. Alicheka aliposema hivyo. Mtu aliyetumia miaka 5 ya mkataba wa kwanza akipimwa namna hiyo hubadilika, awe anaitwa Salim au Simon.

Ushahidi bora kwamba inawezekana mtu kuanza upya humo ni Zinovi Peshkov. Alizaliwa Urusi katika familia ya Kiyahudi ya Sverdlov, na ndugu yake Yakov alikuja kuwa kiongozi mkubwa wa Wabolshevik, wakomunisti waliotwaa madaraka Urusi. Yeye akaiacha familia, akaiacha dini, akachukua jina la ukoo la mlezi wake. Mwaka 1914 alijiunga na Lejioni, mwaka 1915 akapoteza mkono wake wa kulia vitani, na badala ya kwenda nyumbani akarudi jeshini, akapanda hadi ujenerali na baadaye akawa balozi wa Ufaransa nchini Japani. Lakini angalia: jina alilofia nalo mwaka 1966 hakupewa na Lejioni, alikuja nalo. Lejioni ilimpa mahali pa kulitumia bila kuulizwa kila siku.

Kwa msomaji wa kwetu lipo jambo jingine la kuzingatia, nalo lina kichekesho chake. Lejioni haimpeleki mtu mbali na nyumbani kwa lazima. Kikosi chake kimoja kikubwa kilikuwa Djibouti kuanzia 1962 hadi 2011, na hadi leo ina kikosi kidogo Mayotte, chenye kambi Dzaoudzi, kisiwani ambako Shimaore, ndugu wa karibu wa Kiswahili, husikika kila kona na ambako watu wenye jamaa Zanzibar na Mombasa si wachache. Aliyefanya juu chini kumkwepa mjomba wake anayemdai asishangae akipangiwa zamu mahali ambapo mjomba huyo ana wakwe.

Kuhusu huduma kwa wateja wa muda mrefu, yaani wazee, sina ila sifa. Puyloubier ni kijiji kilicho chini ya mlima Sainte-Victoire, na huko tangu miaka ya 1950 wanaishi askari wa zamani wasio na pa kurudi: wagonjwa, walemavu, na wale ambao jina la zamani halina tena mtu wa kuliita. Hawakai bure. Wapo wanaolima zabibu, wapo wanaofinyanga na wapo wanaojalidi vitabu, na bidhaa zao zinauzwa katika duka dogo hapo hapo. Mvinyo situmii, hivyo sina la kusema juu ya chupa zao zaidi ya kwamba bei haikunitisha. Nilinunua bakuli la udongo, zito kidogo kuliko inavyopasa, lenye rangi ya kijani iliyotiririka upande mmoja, na mzee aliyenifungia alikagua kitako chake mara mbili kabla ya kulizungushia gazeti. Sikumwuliza jina, muuzaji mwenyewe hakuwa na kibandiko kifuani. Katika makaburi ya kijiji hicho wamezikwa Jenerali Rollet, anayeitwa baba wa Lejioni, Mwanamfalme Aage wa Denmark, na askari wa kawaida aliyeitwa Zimmermann, kila mmoja akipewa heshima sawa na mwenzake. Serikali nyingi nizijuazo haziwatunzi hivyo hata raia wao wa kuzaliwa.

Hukumu yangu, basi, inategemea unachokimbia. Kwa kijana asiye na familia, aliyechoshwa na maisha yasiyo na mbele, na anayehitaji miaka michache ambamo hakuna anayejua baba yake ni nani, hii ni huduma ngumu lakini ya haki, na ningeipa nyota nne kati ya tano. Kwa mwenye madeni au kesi nzito ningeipa moja, maana atagunduliwa katika mahojiano au siku atakapolitaka jina lake. Kwa mwenye watoto sitoi nyota yoyote: ukimya unaomlinda yeye ndio huo huo unaowaacha watoto wakisubiri bila jibu, na fomu ya kuandikishwa kapera haifuti mtu.

La mwisho ni uraia. Baada ya miaka 3 ya utumishi askari anaweza kuomba uraia wa Ufaransa, na sheria ya Desemba 1999 inampa nafasi hiyo mapema zaidi aliyejeruhiwa akiwa kazini. Lakini huomba kwa jina lake la kweli. Mkenya ataweza kubaki na uraia wake, kwa kuwa Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, ilhali Mtanzania atakayekubali atapoteza wa Tanzania. Kwa hiyo nawashauri wote wanaoniandikia, hata wale wanaoapa kwamba hawatalitamka tena jina lao, waweke cheti halisi cha kuzaliwa katika mfuko wa ndani wa begi, pamoja na pasipoti, na nakala yake wamwachie mtu mmoja wanayemwamini.