Tathmini ya amri ya PyTorch ya kupata matokeo yasiyobadilika

Programu ya kawaida ikikosea, fundi huiendesha tena kwa data ileile hadi kosa lijitokeze mbele yake. Programu ya kujifunza kwa mashine inaweza kuendeshwa tena kwa data ileile ikaja na jibu jingine. Kwa ajili hiyo PyTorch, maktaba ya kuandikia programu za aina hiyo, tangu toleo la 1.8 la mwaka 2021, ina amri ya torch.use_deterministic_algorithms, nami naitathmini hapa kama mtu anayeitegemea kazini.

Wengi hudhani kwamba kuweka mbegu ya namba nasibu, yaani namba ambayo kompyuta huanzia kuzalisha namba hizo, kwa torch.manual_seed kunatosha. Hakutoshi. Ndani ya GPU (kichakataji cha michoro), maelfu ya nyuzi, yaani mikondo ya hesabu inayokwenda sambamba, hujumlisha namba kwa wakati mmoja, na uzi unaotangulia sasa si lazima utangulie tena baadaye. Na kwa kuwa kompyuta hukadiria desimali, mpangilio wa kujumlisha hubadili jumla yenyewe. Katika Python, (0.1 + 0.2) + 0.3 hutoa 0.6000000000000001, ilhali 0.1 + (0.2 + 0.3) hutoa 0.6. Tofauti hiyo, ikipitia maelfu ya hatua za mafunzo, inaweza kuzaa modeli mbili zisizolingana.

Ninachokithamini zaidi katika amri hii ni ukali wake. Ikikutana na operesheni isiyo na njia thabiti, yaani ya kutoa jibu lilelile kila mara, haipiti kimya: husimamisha programu na kuitaja operesheni hiyo kwa jina, nawe ukajua pa kuanzia. Ipo pia warn_only=True, inayotoa onyo tu, lakini kwenye majaribio ya kiotomatiki siishauri hata kidogo, maana maonyo hayasomwi.

Upungufu wake mkubwa ni mwendo, ambao mara nyingi hupungua. Tena, nyaraka za PyTorch zenyewe zinasema wazi kwamba matokeo hayahakikishiwi kufanana kati ya matoleo tofauti, wala kati ya CPU (kichakataji kikuu) na GPU, hata mbegu ikiwa moja. Kwa hiyo jaribio linalolinganisha namba hadi desimali ya mwisho linaweza kufeli siku mashine inapobadilishwa, ilhali msimbo hauna kosa. Hapo afadhali torch.testing.assert_close, inayovumilia tofauti ndani ya mipaka ya rtol (tofauti kwa uwiano) na atol (tofauti kwa kiasi kamili). Ila mipaka hiyo ukiilegeza mno, hitilafu ya kweli nayo itapenya.

Ningeiwasha amri hii kwenye majaribio madogo na wakati wa kusaka hitilafu, kisha niizime kwenye mafunzo marefu.